Kutazama upepo kabla ya safari si kupunguza tawakkul

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari ili vyombo vipite juu yake nasi tutafute riziki Zake. Rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Masahaba zake.



Hapa kwetu Pemba umeingia mjadala ambao si wa Wapemba peke yao. Unamhusu kila anayepanda boti Dar es Salaam, Tanga au Unguja, na kila anayekula samaki aliyeletwa na mtu aliyelala baharini. Nahodha kijana wa siku hizi, kabla hajang'oa nanga, hutoa simu mfukoni. Hufungua programu kama Windy, akatazama upepo wa saa sita zijazo, urefu wa mawimbi na mawingu ya mvua. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wanazo programu zinazochukua upepo huo, zikauweka pamoja na mwendo wa chombo, kisha zikachora njia na kumwambia mtu aondoke saa ngapi.

Barazani watu wamegawanyika. Wapo wanaosema vijana hawa hawana tawakkul, wanataka kuijua kesho kabla Mungu hajaileta. Wapo wanaosema kuamini simu juu ya upepo ni sawa na kumwamini mpiga ramli. Na wapo, nao ni wengi, ambao hawasemi kitu, ila wanaingia baharini bila kutazama chochote, na ajali ikitokea wanajifariji kwa msemo kwamba ajali haina kinga.

Ninasomesha elimu ya dini, na suala hili limeletwa kwangu zaidi ya mara moja. Naomba tulitazame kwa dalili, kwani matokeo yake ni roho za watu.

Tawakkul ni nini?

Imepokewa na Imam Tirmidhi kutoka kwa Anas (RA) kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu ngamia wake: amfunge na amtegemee Mwenyezi Mungu, au amwache huru na amtegemee? Mtume alimwelekeza amfunge kisha ategemee. Hadithi hii tunaisikia sana mimbarini, lakini tunaiishia kwenye ngamia, mnyama ambaye wengi wetu hatumfugi. Kwa mtu wa Pemba ngamia wake ni dau. Kamba yake ni nanga, tanga zima, maboya na kujua upepo wa leo unatoka wapi.

Tumtazame Nabii Nuh (AS). Mwenyezi Mungu alikuwa na uwezo wa kumwokoa bila chombo. Pamoja na hivyo alimwamrisha aunde jahazi (11:37), na Qur'an ikataja mpaka mbao na misumari (54:13). Nuh aliunda kwanza, kisha alipopanda ndipo akataja jina la Mola wake (11:41).

Tumtazame pia Mtume wetu (SAW) katika Hijra. Ahadi ya Mola wake alikuwa nayo. Lakini Imam Bukhari amepokea kwamba yeye na Abubakar (RA) walimkodi mjuzi wa njia kutoka Banu ad-Dil, ambaye wanahistoria wanamtaja kwa jina la Abdullah bin Urayqit. Mtu huyo wakati ule alikuwa bado katika dini ya Makuraishi. Walimwamini kwa ujuzi wake, wakampa ngamia wao na kuagana naye wakutane pangoni baada ya siku tatu. Hapa pana jibu kwa anayesema programu hizi zimeundwa na Wazungu kwa hiyo hazitufai. Ikiwa Mtume (SAW) alikubali kuongozwa jangwani na asiyekuwa Muislamu kwa kuwa anajua njia, sisi ni nani wa kukataa ramani ya upepo kwa sababu kompyuta iliyoikokotoa iko Ulaya au Marekani?

Dalili ya tatu ni ya Sayyidna Umar (RA). Alipokuwa njiani kwenda Sham, alipofika Sargh, aliletewa habari kwamba kule kumeingia tauni. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubaida (RA) akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji aliyeshuka bondeni, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu. Popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari ya Allah, lakini mchungaji mwenye akili anajua apeleke wapi wanyama wake. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Nahodha anayesoma habari ya dhoruba akabaki bandarini ni mfuasi wa Umar katika jambo hili.

Je, ni kujua ghaibu?

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Katika mwisho wa Surat Luqman (31:34) Mwenyezi Mungu ametaja mambo ambayo ujuzi wake uko Kwake, na kuteremsha mvua ni mojawapo. Basi mtu akisema kesho alasiri itanyesha, hajaingilia yasiyomhusu?

Pengine neno lenyewe ndilo linalotuchanganya. Tunasema "utabiri wa hali ya hewa", na neno hilo hilo tunalitumia kwa mtabiri wa nyota anayeagua bahati za watu. Kazi hizi mbili hazifanani. Mpiga ramli hana alama anayoisoma katika maumbile, anadai siri. Mtaalamu wa hali ya hewa anapima joto, mgandamizo wa hewa, unyevu na mwendo wa upepo, kutoka vituo vya ardhini, melini na satelaiti, kisha anakokotoa kwa kanuni ambazo Mwenyezi Mungu Mwenyewe ameziweka. Anasema jambo fulani lina uwezekano mkubwa, na mwenyewe anakubali kuwa linaweza lisiwe. Ni kama daktari anayemwambia mama mjamzito kuwa atajifungua mwezi fulani. Hakuna anayesema daktari huyo amedai ghaibu.

Mpaka wa jambo hili Mtume (SAW) ametuwekea. Pale Hudaybiya, baada ya usiku wa mvua, aliwafundisha Masahaba kwamba anayesema tumepata mvua kwa fadhila za Mwenyezi Mungu ni muumini, na anayesema tumepata mvua kwa nyota fulani, akaifanya nyota ndiyo mtendaji, huyo amekufuru. Ndivyo alivyosimulia Zayd bin Khalid (RA), na Bukhari na Muslim wameipokea. Kinachokatazwa ni kumpa alama kazi ya Muumba. Kuitazama alama yenyewe kumeamrishwa, kwani Surat al-An'am (6:97) inatukumbusha kuwa nyota zimewekwa ili tuongoke kwazo katika giza la bara na bahari.

Bibi Aisha (RA) amesimulia kuwa Mtume (SAW) alipoona wingu zito au upepo mkali uso wake ulibadilika, akiogopa isije ikawa kama watu wa Aad, walioona wingu wakafurahi kuwa ni mvua, kumbe ni adhabu (46:24). Ikiwa kipenzi cha Allah alilitazama wingu kwa hadhari, ni tawakkul gani hii yetu ya kutolitazama kabisa?

Wazee wetu hawakwenda baharini kwa kubahatisha

Wanaodhani kwamba wazee walisafiri kwa dua peke yake hawawatendei haki wazee hao. Katika karne ya 15 Ahmad bin Majid wa Julfar, ambayo leo ni sehemu ya Ras al Khaimah, aliandika Kitab al-Fawaid, kitabu kizima juu ya misingi ya elimu ya bahari, na akaandika pia juu ya njia ya pwani yetu hii mpaka Sofala. Manahodha walipima urefu wa nyota kwa kamal, kibao chenye uzi uliopigwa mafundo, na kipimo chao kilikuwa kidole. Huku kwetu kusini mwa ikweta nyota ya Kaskazini haionekani, kwa hiyo walitumia nyota nyingine, kama zile mbili wanazoziita Farqadan.

Mabaharia wa pwani yetu walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, wakaugawa kwa miongo, yaani makumi ya siku. Kwa miongo hiyo walijua kaskazi inaanza lini, kusi inaingia lini, na maleleji ya katikati yanampa mtu nafasi gani. Walitazama mwezi wakajua bamvua na maji mafu. Yote hayo ni kusoma alama na kujiandaa kwa kitakachokuja, na masheikh wetu waliishi nao, wakaswali nao, wala hawakuwaambia kuwa wanadai ghaibu. Tofauti ya kijana wa leo ni chombo alichokishika mkononi.

Tena wazee walijua udhaifu wa elimu yao. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu. Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Siku ile hapakuwa na wa kuwatahadharisha watu. Mwezi Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa kabla hakijafika Mafia tarehe 4. Neema hii hawakuwa nayo watu wa 1872. Neema inashukuriwa kwa kutumiwa.

Programu inafanya nini, na inaishia wapi

Kazi yake si ya miujiza. Inachukua utabiri wa upepo kutoka kompyuta kubwa za taasisi za hali ya hewa, inachukua na mwendo wa chombo katika kila aina ya upepo, kisha inahesabu: ukiondoka sasa, baada ya saa moja unaweza kuwa wapi? Baada ya saa mbili? Inaendelea hivyo mpaka ufike, halafu inalinganisha na kuondoka saa tatu baadaye.

Hesabu hizi zina maana kubwa kwetu. Kutoka Mkoani mpaka Nungwi ni kiasi cha maili 30 za bahari. Chombo cha mwendo wa maili 5 kwa saa kikiondoka saa 12 asubuhi kitafika saa 6 mchana. Tuseme umekutana na mkondo wa maili 2 kwa saa, na mkondo wa pwani yetu kawaida yake ni kwenda kaskazini. Mwendo wako umebaki maili 3, na safari imekuwa ya saa 10. Utafika saa 10 alasiri, ukiwa umechoka, na upepo wa mchana umekwisha kupanda. Na wakati wa kaskazi, upepo unaposukuma kwenda kusini na mkondo ukasukuma kwenda kaskazini, mawimbi husimama wima. Kila nahodha wa Pemba analijua hilo.

Lakini yapo ambayo simu haiyajui. Utabiri huo umegawa dunia kwa miraba, mingine ya kilomita 9 na mingine ya zaidi ya 20, na upana wa Pemba yote ni kiasi cha kilomita 22 tu. Basi programu haiwezi kuona upepo unavyogeuka nyuma ya Ras Kigomasha, wala dhoruba fupi inayoshuka na wingu moja. Hesabu zake nyingi ni za mashua za Kizungu zenye matanga mengine, ambazo hubisha upepo kuliko dau letu. Utabiri wa siku tatu una nguvu kuliko wa siku kumi. Na simu huingia maji, huishiwa chaji, na mkondoni mtandao hukatika.

Kwa hiyo namwambia kijana: usiiache simu, lakini usimwache mzee. Aliyeivuka njia hiyo miaka 40 anajua yasiyomo katika mraba. Na uchukue taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, inayotoa tahadhari kwa ngazi za rangi: njano, chungwa na nyekundu. Ikitangazwa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, usiilinganishe na programu mpaka upate jibu unalolipenda. Kutafuta jibu unalolipenda ni kufuata matamanio, hata kama umelitafuta kwa kompyuta.

Wanachuoni wetu walishalisema

Sisi wa pwani ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi. Imam Nawawi, anapozungumzia mtu ambaye njia yake ya Hija ni bahari, anaeleza kuwa itamlazimu kupanda bahari ikiwa usalama ndio unaoshinda. Usalama usiposhinda haimlazimu. Tizama, ndugu Muislamu: Hija ni nguzo ya tano, na bado sheria inauliza kwanza hali ya bahari. Sasa utajuaje kuwa usalama unashinda bila ya kuuliza, kupima na kutazama? Na kama safari ya Hija inasubiri bahari itulie, safari ya kupeleka ndizi, au ya kuwahi harusi, haisubiri kwa nini?

Kuna na hadithi aliyoipokea Imam Ahmad katika Musnad na Imam Bukhari katika al-Adab al-Mufrad, inayomtaja anayepanda bahari ilhali imechafuka kisha akafa, kwamba dhima imeondoka juu yake. Ni maneno mazito. Ndani yake mna onyo kwamba kujitia katika hatari ya wazi si ushujaa wa imani. Qur'an nayo imetukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu (2:195).

Katika madrasa ninayosomesha wapo watoto ambao baba zao walikwenda baharini hawakurudi. Mmoja, akiwa amewasikia wakubwa wakibishana, aliniuliza: "Ustadhi, baba alikufa kwa kadari au kwa upepo?" Nilimwambia kuwa baba yake alikufa siku aliyoandikiwa, na kwamba Mtume (SAW) amemhesabu anayekufa maji pamoja na mashahidi. Nikamwambia pia kuwa yeye akikua, akitaka kwenda baharini, atazame upepo. Majibu yote mawili ni ya dini moja. Kadari ni faraja ya aliyefiwa. Haikuletwa iwe kinga ya aliyezembea.

Amana ya roho za watu

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander I ilizama Nungwi ikija Pemba. Ilisajiliwa kuchukua abiria 600 na ushei, na ilibeba zaidi sana ya hapo. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengi hawakuonekana tena. Hakuna mtaa wa Pemba ambao haukuguswa. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Misiba hiyo miwili tuliiombea dua, na tulifanya vyema. Lakini dua haimwondolei mtu swali la nani alipakia kupita kiasi, na nani aliona akanyamaza.

Mtume (SAW) alipiga mfano, kama alivyopokea Imam Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir (RA), wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa upande wao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wa juu wakiwaacha, wataangamia wote. Wakiwashika mikono, wataokoka wote. Mfano huu ni wa jamii nzima, lakini kwetu sisi watu wa visiwani ni mfano na ni habari yenyewe.

Basi mwenye chombo asimsukume nahodha aondoke kwa sababu mzigo unaoza. Nahodha akiona tahadhari akasema leo hatuendi, asidharauliwe kuwa ni mwoga, na asikatwe posho yake. Abiria naye asipande chombo kilichojaa kisha akasema Mungu yupo. Mungu yupo, na ndiye atakayemuuliza. Na wewe uliye Kariakoo au Mwembechai, unayempigia simu ndugu yako afike kabla ya Ijumaa kwa vyovyote vile, ujue neno lako nalo lina uzito ndani ya chombo.

Tusisahau hatari ya upande wa pili. Wapo vijana ambao sasa simu imewajaza kiburi. Ikionyesha rangi ya buluu, hawachukui maboya, hawaagi nyumbani, hawasomi dua ya safari. Hao ndio Qur'an iliowataja (10:22), wanaofurahia upepo mzuri mpaka dhoruba iwafikie kila upande, ndipo wamwite Allah kwa ikhlasi. Rangi ya buluu haimiliki upepo. Mwenye kuumiliki, akitaka, huutuliza vyombo vikasimama juu ya bahari (42:33), na hakuna programu ya kumzuia.

Ombi langu kwa maimamu wa misikiti ya pwani ni jambo dogo. Baada ya swala ya alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda diko, mtu mmoja asome taarifa ya bahari ya siku hiyo iliyotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Dakika mbili zinatosha. Kisha imamu aombe dua kwa wanaosafiri. Msikiti utakuwa umefunga ngamia na umetegemea, yote kwa pamoja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa maji, awape subira watoto na wajane wao, na atupe sisi akili ya kutumia alama alizotuwekea. Amin.

Wabillahi Tawfiq.